Kesi ya Rukhmabai na swali la nani aliwakomboa

Dada, umeuliza kama ni kweli serikali ya Waingereza iliyotawala India ndiyo iliyowakomboa wanawake Wahindu kutoka ndoa za utotoni, ukataja sheria yake ya 1891. Mimi nakataa, na kesi ya Rukhmabai wa Bombay inanitosha.

Aliozwa akiwa na miaka 11, akabaki kuishi kwao. Mwaka 1884 mumewe, Dadaji Bhikaji, alishtaki ili mahakama imlazimishe kuhamia kwake. Jaji Pinhey alimkatalia mwaka 1885. Rufaa ikakatwa, kesi ikarudishwa, na mwaka 1887 Jaji Farran akaamuru: nenda kwa mumeo au ufungwe miezi sita. Rukhmabai akasema heri jela.

Hapa ndipo panaponiuma. Shauri la namna hiyo, la kumburuta mke mahakamani ili arudi kwa mume, lilitoka kwenye sheria ya Uingereza, si ya Kihindu. Na Waingereza wenyewe walikuwa wamefuta kifungo hicho kwao mwaka uleule wa 1884! Msichana wa Kihindi ndiye aliyeendelea kutishiwa nacho.

Mwaka 1888 mume alipokea rupia 2,000 ili aachane na madai yake, kesi ikaisha. Rukhmabai alikwenda London kusomea udaktari, akarudi India kutibu wanawake katika mji wa Surat.

Ile sheria ya 1891 unayoitaja ilipandisha umri wa msichana kuruhusiwa kuingiliwa kimwili kutoka miaka 10 hadi 12 tu. Ndoa yenyewe haikuigusa. Umri wa kuolewa, miaka 14, uliwekwa mwaka 1929, kwa muswada wa Mhindi, Har Bilas Sarda.