Kerneli yangu haioni mzizi

SWALI: Shikamoo fundi. Nimejijengea kerneli (kiini) ya Linux, nikaacha ramdiski ya kuanzia, ile diski ndogo ya muda ndani ya RAM, kwa kuwa jirani yangu haitumii na mashine yake inawaka. Yangu inakwama, inadai haioni mzizi, yaani mfumo mkuu wa mafaili. Nimekosea wapi? – Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba. Jirani hana kosa, ila umeiga bila kutazama mipangilio yake. Nakisia draiva ya diski na ile ya mfumo wa mafaili wa ext4 umezijenga kama moduli, vipande vinavyopakiwa kando ya kerneli. Moduli hukaa /lib/modules, yaani ndani ya diski ileile ambayo kerneli bado haiwezi kuifungua. Ufunguo umeufungia kabatini! Ramdiski hupakiwa kwenye RAM pamoja na kerneli, ikiwa imebeba moduli hizo. Kama huitaki, rudi kwenye menuconfig (menyu ya mipangilio ya kerneli), mbili hizo uziwekee Y (ndani ya kerneli) badala ya M (moduli), ujenge upya.

Halafu kagua root=, kigezo kinachoiambia kerneli mzizi uko wapi. Hapa ndipo nilipotokwa jasho usiku kucha dukani kwangu Ngamiani, umeme nao ukikatika mara mbili, na draiva zote zilikuwemo! Nilikuwa nimeandika UUID, yaani namba ya utambulisho, ya mfumo wa mafaili. Kerneli peke yake haiisomi. Anayeitafsiri ni ramdiski. Andika PARTUUID, namba ya utambulisho ya kipande cha diski chenyewe, au /dev/sda2 kama ndiko mzizi uliko.

Mzizi ukiwa umefungwa kwa LUKS (usimbaji wa diski), au uko juu ya LVM (mgawanyo wa diski unaosimamiwa na programu), usihangaike, weka ramdiski tu: kuna programu za kuendeshwa kabla mzizi haujapatikana.

Na kerneli ya zamani usiifute kwanza.