Mmea wa buibui: maswali yenu, na tena ni maji

Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?
Hili swali linarudi kila mara na jibu ni lilelile: hakuna ratiba! Chomeka kidole kwenye udongo, juu pakiwa pamekauka mwagia mpaka maji yatoke chini, pakiwa na unyevu uache.

Ncha za majani zinakuwa kahawia, nimeongeza maji ndo zimezidi.
Ndo maana zimezidi. Kwa mmea huu ncha kukauka haimaanishi kiu kila wakati, mara nyingi ni floridi, yaani madini ya kwenye maji ya bomba, au chumvi za mbolea, vinapanda na maji vinarundikana mwisho wa jani. Kulaza maji usiku kucha kunapunguza klorini tu, floridi inabaki palepale, so tumia ya mvua ukiyapata. Na mbolea punguzeni jamani, watu mnaweka kama mnalima shamba. Ile kahawia haigeuki kijani tena, ikikuudhi kata na mkasi safi.

Umelegea na majani yamepauka ila udongo umelowa, niongeze maji?
Usiongeze hata tone! Utoe kwenye chungu leo leo uangalie mizizi. Mizima ni minono, myeupe, migumu ukiiminya, humo ndo umejiwekea akiba ya maji, na ndo maana unavumilia kiu kuliko mafuriko. Iliyooza ni ya kahawia, inateleza, ukivuta ganda linabaki mkononi na ndani kunabaki kama uzi. Mwezi uliopita nilimtolea shoga yangu mmoja, chungu cha plastiki kimewekwa ndani ya kile cha urembo kisicho na tundu, maji yametuama chini yananuka kama tope la bwawani, na yeye alikuwa anaongezea kila asubuhi kwa mapenzi kabisa. Iliniuma. Tulikata yote iliyooza, tukapanda upya kwenye udongo mwepesi, chungu kidogo. Tafadhali, chungu kisicho na tundu msipande kitu.

Paka wangu anautafuna, atakufa?
Hapana, hauna sumu kwake, ila akila mwingi anaweza kutapika. Uning'inize juu.

Ni kweli unasafisha hewa?
Ule utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa 1989 ambao watu wanautaja kwa hilo ulifanyika kwenye visanduku vilivyofungwa kabisa, sebule yako sio kisanduku. Fungua dirisha.

Mbona hautoi watoto, vile vimmea vidogo vya kwenye kamba?
Kama bado mdogo, subiri. Kama umekomaa, angalia taa. Unataka usiku mrefu, yaani mwanga chini ya saa 12 kwa siku, kwa wiki tatu hivi mfululizo, sasa wewe umeuweka sebuleni taa inawaka mpaka usiku wa manane. Hamishia chumba kinachozimwa taa mapema, ila mchana kiwe na mwanga wa kutosha, jua kali lisiupige moja kwa moja. Mtoto akitokea usikimbilie kumkata, mlaze juu ya udongo wa kikopo cha pembeni akiwa bado kwenye kamba ya mama yake, akishika mizizi ndo ukate.