Samoni imeungua nje, ndani mbichi: tatizo ni saa ya kupaka sosi

SWALI: Mpishi, habari za kazi. Jumapili nilialika mawifi zangu nikataka kuwapikia kitu cha tofauti. Nilinunua supamaketi vipande vinne vya samoni ya barafu, nikaviloweka usiku kucha kwenye sosi ya barbekyu ya chupa, asali na ndimu mbili. Nikawasha jiko la mkaa mpaka likawa jekundu hasa, nikavipanga kwenye wavu, na kila nikigeuza napaka sosi. Dakika tano tu nje vyeusi kama masizi, ngozi imenasa kwenye wavu, katikati bado vibichi. Pembeni vikatoka uteute mweupe kama ute wa yai la kuchemsha. Nimekosea wapi? Na ni lazima iwe samoni? (Mama Ilham, Tabata)

JIBU: Pole na mawifi, Mama Ilham. Nimesoma swali lako mara mbili, na kilichonisimamisha si mkaa wala samaki wa barafu. Ni pale uliposema kila ukigeuza unapaka. Hiyo ni mikono ya mtu aliyezoea samaki wa kupaka. Tunambanika changu, tunampaka tui zito lenye ukwaju, bizari na pilipili, tunageuza, tunapaka tena, na kadiri tunavyopaka ndivyo anavyonoga. Tui linavumilia moto kwa sababu lina maji na mafuta mengi, sukari yake ni kidogo. Sosi ya barbekyu haina uvumilivu huo. Geuza chupa uliyotumia usome viambato: mara nyingi sukari ni ya kwanza au ya pili. Na wewe ukaiongezea asali.

Sukari ya kawaida huanza kuwa karameli ikifika kama nyuzi 160 za Selsiasi. Asali ina haraka zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya utamu wake ni fruktosi, ambayo huanza kubadilika karibu na nyuzi 110. Mkaa mwekundu uko mbali sana juu ya hapo. Samaki mwenyewe, ndani, anahitaji kufika nyuzi 50 na kitu, au 63 kwa anayetaka aive kabisa, lakini joto linapenya kwenye nyama polepole. Kwa hiyo ulikuwa na utamu unaoungua kwa dakika moja na nyama inayotaka dakika kumi, ukavipeleka motoni pamoja. Hapo hata fundi wa nyama choma wa miaka ishirini angeunguza. Samaki aive kwanza, sosi ije dakika tatu au nne za mwisho. Mengine uliyoyakosea ni madogo, ila yalirundikana siku moja.

Kwanza ndimu. Mbili kwa usiku kucha ni nyingi mno. Ukali wa ndimu hubadili protini ya samaki bila moto: nyama inapauka, inalegea, na ikifika kwenye wavu inameguka. Robo saa inatosha, na mimi hata hiyo naiacha, ndimu nakamulia mezani. Pia kipande kilicholala ndani ya sosi kinakuwa kimelowa, na kilicholowa hakibanikiki. Kinatoa mvuke kwanza, na ile nyama laini yenye maji inang'ang'ania chuma. Ndiyo maana ngozi ilibaki kwenye wavu.

Ule uteute mweupe usikutishe. Ni protini inayoitwa albumini, husukumwa nje nyama inapojikaza kwa moto mkali. Haina madhara, ni sura tu inayoharibika. Ukitaka ipungue, yeyusha gramu 50 za chumvi (kama vijiko vikubwa vitatu) kwenye lita moja ya maji baridi, tumbukiza vipande dakika 15, vitoe, uvikaushe kabisa kwa kitambaa safi au karatasi za jikoni. Kausha hasa upande wa ngozi, mpaka ukigusa kidole hakinati.

Samaki wa barafu ayeyuke chini kwenye friji tangu jana yake, si mezani. Joto la Dar unalijua. Na ukinunua, bonyeza pakiti: ukikuta vipande vya barafu vimeganda kwa wingi ndani, pengine huyo samaki aliyeyuka akagandishwa tena, labda umeme ulikatika mahali fulani njiani. Mrudishe kwenye jokofu lao.

Sasa jiko. Hata la pipa lililokatwa nusu linafaa, hata lile la duara la kawaida. Usiwashie mafuta ya taa, samaki ananyonya harufu haraka kuliko nyama ya ng'ombe. Usiwashie plastiki pia; mifuko ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini bado nawaona watu wakiuchochea mkaa kwa vipande vya plastiki, halafu wanakuja kuniuliza mbona samaki ana uchungu. Subiri mkaa uvae jivu la kijivu, kisha usukume karibu wote upande mmoja. Upande wa pili ubaki na vipande vichache tu. Ukiweka kiganja kama sentimita 12 juu ya wavu, upande wa moto usiweze kuuvumilia zaidi ya sekunde tatu, ule wa pili uweze kuhesabu hadi saba hivi. Hapo una majiko mawili ndani ya jiko moja, na hili ndilo lingekuokoa Jumapili hata kama sosi ungeipaka mapema kidogo.

Wavu uache juu ya moto upate joto dakika kumi, uusugue, kisha uupake mafuta kwa kitambaa ulichokishika kwa koleo. Paka mafuta kidogo na samaki pia. Laza vipande ngozi chini, upande wenye mkaa mwingi, halafu usiviguse. Najua mkono unawasha. Dakika nne hivi ngozi ikishakauka itaachia yenyewe. Ukijaribu kuinua ukaona inang'ang'ania, haijawa tayari, iache. Ikiachia, vihamishe upande wa moto mdogo, ngozi ikiwa chini vilevile, na uvifunike kwa sufuria kubwa iliyogeuzwa. Joto linazunguka humo kama kwenye oveni, juu panaiva bila kugeuza. Baada ya dakika nne au tano inua sufuria, paka sosi nyembamba, funika dakika mbili. Paka mara ya pili, funika tena dakika moja. Sosi itang'aa na kushika. Ukipenda alama za moto, pindua kila kipande kwa sekunde 20, si zaidi, umsimamie.

Muda huo ni wa kipande kinene kama sentimita tatu. Chembamba kinawahi. Kipimajoto kinasaidia: mimi natoa kwenye nyuzi 52, joto linaendelea kupanda kidogo nje ya moto. Lakini ukiwa na wajawazito, watoto wadogo au wazee mezani, fika 63, ambayo ndiyo inayoelekezwa na mamlaka za chakula za Marekani. Kama huna kipimajoto, chomeka ncha ya kisu katikati: nyama iachane kwa mapande na ibaki na unyevu unaong'aa. Ikiwa imepauka na kukauka kote, umechelewa.

Sosi ya chupa siichukii, ila kwa samaki huwa nzito na tamu kupita kiasi. Kwa vipande vinne natengeneza hivi: loweka ukwaju wa ukubwa wa limau dogo kwenye nusu kikombe cha maji ya moto, uukamue na kuchuja. Weka kwenye sufuria ndogo pamoja na vijiko vitatu vikubwa vya asali au sukari guru, kijiko kikubwa cha nyanya ya kopo, kijiko kikubwa cha sosi ya soya, punje tatu za kitunguu saumu zilizotwangwa, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba na pilipili manga. Chumvi onja kwanza, kwa sababu samaki alishakaa kwenye maji ya chumvi na soya nayo ina chumvi. Chemsha mpaka ishike nyuma ya kijiko, kama dakika nane. Ukwaju ndio unaofanya kazi hapa: ukali wake unakata mafuta ya samoni, na unakuruhusu kupunguza sukari bila sosi kukosa ladha. Igawe bakuli mbili kabla hujaanza. Moja ya brashi, nyingine ya mezani. Brashi iliyogusa samaki mbichi isirudi kwenye ile ya mezani.

Kuhusu kama ni lazima samoni: hapana. Samoni ni samaki wa maji baridi, ile ya Atlantiki tunayoipata hapa aghalabu imefugwa nchi kama Norwei, imesafiri mbali na bei yake inaonyesha. Anachotupa ni mafuta, ndiyo maana anavumilia moto. Wetu mwenye mafuta ya kutosha ni sangara wa Ziwa Victoria, na minofu yake yenye ngozi inakubali njia hii vizuri sana. Kama unaamka mapema, nenda Feri, pale Kivukoni, umchukue kolekole au changu. Mzima mchanje mikato mitatu kila upande na umpe dakika zaidi upande wa moto mdogo. Nguru ni mtamu lakini hana mafuta mengi, kwa hiyo mpake tui au mafuta wakati anaiva, sosi ibaki ya mwisho vilevile.

Jodari nawaambia watu wawe waangalifu. Akikaa juani hata saa chache hujenga histamini, na histamini haiondoki kwa kupikwa, hata umbanike mpaka awe mkaa. Mtu atapata wekundu usoni, kichwa kumuuma na moyo kumwenda mbio. Mnunue kwenye barafu nyingi, mbebe kwenye barafu, au mwache.

Na kwa kuwa mkaa wako utabaki na moto, panga ndizi mzuzu mbivu na maganda yake upande ule mdogo kabla hujaweka samaki. Zitakuwa tayari wakati mmoja naye, na ile bakuli ya pili ya sosi inazifaa pia.