Jibu: Kupanda na tiara ndege ya Kigoma–Dar

Salaam ndugu. Umeuliza kama tiara yako, yaani kishada cha kurusha kwa uzi, ya vijiti vya mita moja itaingia nawe ndani ya ndege, maana unahofia kuvunjika kwake kwenye mizigo ya chini.

Anza kwa kupima kijiti kirefu kuliko vyote. Kitambaa hakina shida, kinakunjika. Mashirika mengi huishia kwenye sentimita 55 hivi na kilo 7 kwa begi la mkononi, na hizi Dash 8 za pangaboi zinazotua kwetu zina makabati madogo. Mimi hutumia vijiti vya vipande viwili vinavyochomekwa kwenye kimrija. Nikivichomoa, vyote vinalala ndani ya begi. Kama vyako ni mianzi mizima, tafuta kipande cha bomba la plastiki la maji, ziba ncha zote kwa matambara, kisha likabidhi kama mzigo wa chini. Mianzi hufika salama humo.

Mkasi na kisu cha kukatia uzi viweke begi la chini, tafadhali. Na kwenye ukaguzi, mwambie ofisa mapema kwamba umebeba tiara. Uamuzi wa mwisho ni wake, kwa hiyo wahi, ili akikataa upate muda wa kurudi kaunta.