Kujifunza kuogelea ukubwani Paje: lala chali kwanza, na ujue saa ya maji

Waalaykum salaam dada. Umesema umetoka Singida, una miaka 31, umepata kazi hotelini Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, na huu ni mwezi wa nne bahari unaitazama tu kwa sababu maji yakikufika kiunoni moyo unakwenda mbio. Umeuliza uanzie wapi, uvae nini, na kama umri umeshapita. Nakujibu kwa niliyoyapitia, maana mimi nimejifunza nina miaka 29, na nimezaliwa kisiwani.

Kwetu ni Makoongwe, kisiwa kidogo kinachotazamana na Mkoani, Pemba. Ukitaka kwenda mjini, ni chombo tu. Wavulana walikuwa wakichupa majini tangu wadogo, sisi wasichana tunabaki ufukoni tunaokota kombe. Nikaolewa Jambiani, nikaingia kwenye mwani na wenzangu. Pwani hiyo ya Paje na Jambiani imelima mwani tangu 1989, na mpaka leo utawakuta kina mama waliosimama majini miaka ishirini, lakini mwambie mmoja wao anyanyue miguu yote miwili, hathubutu. Kwa hiyo hofu yako usiione kuwa ni ya mtu wa bara. Tuko wengi.

Kilichonisukuma ni msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Nyumba nyingi mno za Pemba ziliingia matanga, kwetu pia. Sikujidanganya kwamba mtu akijua kuogelea basi bahari kuu usiku haimwezi. Lakini niliona si haki nimalize umri wangu nikivuka maji nisiyoweza kukaa ndani yake hata dakika mbili.

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha, na alianza kama wengi wanavyoanza: alinishika tumboni akaniambia piga mikono, piga miguu. Wiki tatu nikanywa maji tu. Siku moja mzee mmoja mvuvi, anasuka dema lake, mtego wa samaki, pembeni, akamwambia: "Mwache alale kwanza. Mtu asiyejua kupumzika majini utamfundisha kwenda wapi?" Maneno hayo ndiyo ninayokupa wewe, na mengine yote humu yanafuata nyuma yake.

Ingia maji ya kiunoni, na mtu unayemwamini, hata kama yeye mwenyewe si mwogeleaji, mradi amesimama imara. Kunja magoti mpaka maji yakufike mabegani. Vuta pumzi ijae kifua, halafu jiegemeze nyuma polepole, masikio yaingie majini kabisa, macho yatazame mbingu. Mwenzako aweke kiganja chini ya mabega, si kiunoni. Utatamani kunyanyua kichwa uone miguu yako iko wapi. Usinyanyue. Kichwa kikipanda, nyonga zinashuka, na ukishuka unaogopa, ukiogopa unatoa pumzi yote, basi umezama. Sukuma tumbo juu, tandaza mikono, pumua kwa kinywa, vuta nyingi, toa kidogo kidogo. Maji ya chumvi yanakubeba kuliko ya bwawa. Kwa hiyo hata kama hoteli inawaruhusu wafanyakazi kuingia kwenye bwawa lao, mimi ningekuanzishia baharini.

Siku hiyo hiyo jifunze kusimama ukitoka chali, kwa sababu hapo ndipo watu wazima wanapotapatapa. Vuta magoti kuja kifuani, sukuma maji kwa viganja, kichwa kilete mbele, ndipo ushushe miguu. Ukishajua kwamba ukitaka kusimama unasimama, nusu ya hofu inaondoka. Mimi nilirudia labda mara hamsini kwa asubuhi moja, kaka mpaka akachoka.

Kisha zamisha uso na utoe pumzi chini ya maji kwa pua na kinywa, polepole, kama unapuliza moto wa kuni. Wengi wetu tunabana pumzi, tukitoka juu hatuna nafasi ya kuvuta nyingine. Miwani ya kuogelea inasaidia mno hapa. Mikono na miguu itakuja yenyewe baada ya hayo, na sitaieleza sana: mwenzako atakuonyesha, utaiga.

Sasa nije kwenye maji yenyewe, maana Paje si Nungwi. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini mwa Unguja, unaweza kuogelea karibu siku nzima. Kwenu huko maji yakitoka, yanatoka kweli, unatembea pwani kavu mpaka karibu na mwamba. Yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kama saa sita kila mwendo, na kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua: tofauti kati ya kujaa na kupwa inafika kama mita 4, maji yanajaa kiasi cha saa kumi jioni na alfajiri, yanapwa kiasi cha saa nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, na mkondo wake ni mpole. Mwanafunzi aanze maji mafu, tena yakiwa yanajaa. Maji yanayojaa yanakusogeza ufukoni, yanayotoka yanakwenda na wewe nje.

Hili la maji yanayotoka nimelilipia. Nilikuwa na mwaka mmoja tangu nijue kuogelea, najiona hodari, tukaenda Bwejuu na wifi yangu siku ya bamvua. Maji yalikuwa yamejaa, mazuri, hata mchanga wa chini unauona. Tukakaa sana. Yalipoanza kutoka sikujali. Lazima ufahamu: maji yaliyoingia juu ya mwamba hayarudi yote kwa njia ile ile, yanatafuta mlango, pale mwamba ulipokatika na mashua zinapopita, na kila ukiukaribia mlango ndipo yanapokimbia. Nilishtuka kuona vijiti vya mwani vinanipita. Nikageuka nikaogelea kurudi moja kwa moja, nguvu zangu zote. Nikitazama, kijiti ni kile kile, kisha hata kile sikifikii tena. Mikono ikawa mizito kama imefungwa mawe.

Hapo nikakumbuka yule mzee. Nikalala chali. Nililia, wallahi, lakini nililia nikiwa nimelala chali, masikio majini, nasikia pumzi zangu mwenyewe. Nilipopata nguvu nikaanza kusukuma miguu taratibu, si kwenda ufukoni, bali kuukata mkondo kwa ubavu, kuelekea penye maji mafupi upande wa kusini. Kila nikichoka nalala, nanyanyua mkono mmoja, napunga. Wifi yangu alikuwa ameshapiga kelele pwani, na ngalawa iliyokuwa ikirudi ikageuza kuja kunichukua. Baba yule hakunigombeza. Alinipa maji ya kunywa tu.

Tangu siku ile siingii bila kuuliza wavuvi mlango uko wapi na maji yanageuka saa ngapi. Waulize na wewe, wanafurahi kuulizwa. Na miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti hasa, upande wenu huo wa mashariki unapigwa na upepo na mawimbi. Kaskazi na wakati wa maleleji, pepo zinapobadilishana, bahari inatulia zaidi.

Umeuliza mavazi, na nimefurahi umeuliza, maana wanawake wengi wanaachia hapo. Usiingie na dera wala kanga ya kiunoni. Dera linajaa maji na kukuvuta, kanga inakusokota miguu. Vaa suruali nyepesi inayobana na fulana ya mikono mirefu, au vazi maalumu la kuogelea la kufunika mwili na kichwa. Nungwi wasichana wamefundishwa na mradi wa Panje wakiwa wamevaa hivyo, wamejisitiri kabisa na wanaogelea vizuri. Vazi hilo hilo linakukinga na jua, na jua la huku ukiwa majini hulisikii mpaka usiku unaposhindwa kulalia mgongo.

Miguuni vaa viatu vya plastiki vinavyoshika, si kandambili. Kwenye mawe na majani kuna wale wadudu wa miiba mieusi mirefu. Ukiwakanyaga, miiba inakatikia ndani. Sisi hupaka utomvu wa papai bichi, na ile inayotoka kwa urahisi tunaitoa. Kwenye mchanga buruta miguu, usinyanyue na kukanyaga, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akusikie aondoke. Akikuchoma, tia mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, bila ya kuunguza ngozi, kwa saa moja hivi, maumivu yanapungua sana. Halafu nenda kituo cha afya.

Jambo moja bado, na hili nakuomba uwafundishe na wenzako hapo hotelini. Mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kichwa kinazama na kutoka, mdomo uko sawa na maji, mikono inasukuma chini kama anapanda ngazi. Ukimwona usijitose kumshika, atakupanda kichwani mzame wote. Mrushie dumu tupu lililofungwa vizuri, au funga kanga mbili ncha kwa ncha umvute. Akitolewa hapumui, tafadhali asining'inizwe kichwa chini wala kukamuliwa tumbo, kama nilivyoona watu wanafanya. Alazwe chali, kidevu kinyanyuliwe, pua izibwe, apulizwe pumzi 5 kinywani. Asipopumua, bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na haraka, pumzi 2, tena 30, bila kuacha, huku mwingine anatafuta gari.

Umri haujapita, dada. Nimeshawafundisha kina mama tisa Jambiani, na mkubwa wao ana miaka 52 na wajukuu. Alipoelea mara ya kwanza alikataa kusimama, tukamsubiri mpaka vidole vikajikunja kwa maji.

Basi fanya hivi: mwezi ukiandama anza kuhesabu. Siku ya saba au ya nane maji yatakuwa mafu, na yatajaa kiasi cha saa nne asubuhi. Omba mapumziko yako yaangukie siku hiyo, uwe pwani saa mbili na mwenzako, maji yatakuwa yanapanda taratibu. Siku hiyo usijaribu kuogelea hata hatua moja. Lala tu.