Ticha, hii bloki yangu mbona haifanyi kitu?

Haya wazazi na maticha, maswali ya wiki hii karibu yote yamezunguka pale pale, zile bloki za waridi ziko chini kabisa kwenye Scratch, My Blocks. Kwa wenye wameingia leo, Scratch ni ile programu ya bure ilitoka chuo cha MIT kule Marekani mwaka wa 2007, mtoto anapanga bloki za rangi badala ya kuandika kodi, na hapa nasema kodi ya kompyuta si ile ya nyumba. Hii mambo ya kujitengenezea bloki yako mwenyewe ilikuja na toleo la 2.0, mwaka wa 2013.

Kijana wangu yuko gredi ya 6, ametengeneza gemu ya matatu lakini skripti yake, ule msururu wa bloki, imekuwa ndefu kama foleni ya Thika Road. Kuna njia ya kufupisha? – Mama wa Kayole

Iko mama, na nakwambia hiyo gemu ya matatu kila mtoto Nairobi lazima aitengeneze. Kwa klabu yetu ya Jumamosi kuna mmoja alikuwa na gari ya kutoka tao hadi Kawangware, stegi saba, na kila stegi amepanga bloki zile zile: simama, sema "Shukisha!", piga honi, subiri sekunde 2, endelea. Mara saba. Sasa akaona sekunde 2 ni nyingi anataka 1, akaanza kuzunguka stegi moja baada ya nyingine kubadilisha, akasahau ya tano, gari ikawa inangoja hapo tu kama imeshikwa na karao.

Dawa ni hii. Bonyeza Make a Block, ipe jina, tuseme "shukisha abiria". Kutatokea kofia ya waridi, yaani bloki ya juu imeandikwa define, pale kwa uwanja wa kazi, chini yake ndo unapanga zile bloki zote mara moja tu. Baada ya hapo kila stegi unaweka bloki moja ya waridi basi. Ukibadilisha sekunde chini ya kofia, stegi zote saba zimebadilika. Na jina mwache aandike kwa Kiswahili ama Sheng, kompyuta haijali, bora asiite "bloki1" juu wiki ijayo hata yeye hatajua ilikuwa ya nini.

Nimeongeza kisanduku cha namba kwa bloki yangu ndo kila stegi iwe na muda wake, lakini saa hii gari haisimami kabisa. – Ticha, Umoja

Hii ndo inasumbua watu wengi kuliko zote kwa hivyo wacha tukae hapa kidogo. Kuna makosa mawili na mara nyingi yanakuja pamoja.

La kwanza, ulipoongeza kisanduku, zile bloki ulikuwa umeshaweka kwa stegi zimepata nafasi mpya lakini tupu. Na Scratch ikikutana na nafasi tupu mahali inataka namba, inaisoma kama 0. Subiri sekunde 0, ndo hiyo gari yako haisimami. Pitia kila stegi ujaze.

La pili ndo watoto hawalioni hata ukiwaonyesha. Ukishaipa kisanduku jina, tuseme "muda", kile kiyai cha "muda" kiko kwa kofia lazima ukishike na mausi ukivute, ukiangushe ndani ya ile bloki ya subiri. Ukiacha 2 imeandikwa hapo ndani, utajaza 5, utajaza 10, gari itasimama sekunde 2 tu, ni kama kumwambia makanga unashukia wapi na hajawahi kumwambia dere. Watoto wengine wanaandika neno muda kwa herufi ndani ya subiri, wanashangaa linakataa kuingia. Kuvuta, si kuandika.

Bloki nimetengeneza kwa paka, nikienda kwa mbwa siioni. Imepotea?

Haijapotea, ni ya paka. Bloki ya waridi inakaa na mhusika mwenye ulimtengenezea, jirani haazimi. Shika skripti ya kofia uivute mpaka juu ya picha ya mbwa kule kwa orodha ya wahusika, uachilie, naye atakuwa na yake. Lakini hizo sasa ni mbili, ukirekebisha ya paka ya mbwa inabaki vile ilikuwa. Binafsi sipendi, mkisahau mnaanza kulaumu laptopu.

Ile tiki ya "Run without screen refresh" iko kwa dirisha la Make a Block ni ya nini?

Inaambia bloki ifanye kazi yote bila kungoja skrini ichorwe kila hatua. Chukua bloki za kalamu za Scratch, uchore mraba: rudia mara 4, sogea hatua 100, geuka nyuzi 90. Zungusha huo mraba mara 36 ukigeuka nyuzi 10 kila mara, unapata ua zuri sana. Bila tiki utaliona likichorwa mstari kwa mstari, ukiweka tiki linatokea pap! Kwa kuchora na mahesabu iweke. Kwa gari ya stegi usiweke, mtoto anataka kuona gari ikitembea, na ukiwa na rudia milele ndani yake mradi utaanza kugandaganda.

Bloki yangu inaweza kunirudishia jibu, kama ile ya kujumlisha? – Form 3, Rongai

Kwa Scratch ya kawaida hapana ndugu yangu, bloki yako inafanya kazi lakini hairudi na jibu mkononi. Tunazunguka hivi: tengeneza variabo, yaani mahali pa kuhifadhi thamani, inaitwa "jibu", bloki ikimaliza hesabu iweke humo, halafu wewe usome jibu. Ukichoka na hiyo hamia Snap!, programu ya chuo cha Berkeley, inafanana sana na Scratch na hapo unatengeneza bloki za kurudisha jibu vizuri kabisa, hata jina lake la zamani lilikuwa BYOB, yaani jijengee bloki zako.

Bloki yangu ya waridi inakataa kufutika!

Kuna mahali bado umeitumia. Toa zote kwa skripti za huyo mhusika, ndo ufute kofia.