Mama kaacha vidonge vya presha, anasema dua inamtosha

SWALI: Shikamoo dokta. Naandika toka Makorora, Tanga. Mama yangu ana presha miaka mingi, sasa akina mama wenzake wa madrasa wamemsomea dua na anasema kichwa hakimgongi tena, basi vidonge kavifungia kabatini. Nikisema naambiwa sina imani. Alafu mjomba kamletea meseji ya Wasapu eti wanasayansi wa Marekani wamethibitisha maombi yanaponya. Ni kweli? Na nimwambieje bila kumkosea adabu?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Naanza na vidonge maana ndo vinanitia hofu. Presha mara nyingi haina dalili, mtu anajisikia mwepesi kabisa kumbe kipimo kiko juu, mpaka siku anapigwa kiharusi. Mpeleke akapimwe, ikiwezekana leo, na daktari ndo aseme dozi irudi vipi.

Sasa hao wa Marekani. Kuna utafiti wa 1988 wa Randolph Byrd, San Francisco, wagonjwa wa moyo 393, na kweli walioombewa walionekana afadhali kwenye baadhi ya vipimo, huu ndo watu wanapenda kuusambaza. Lakini 2006 Herbert Benson na wenzake walitoa mkubwa zaidi, wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa mishipa ya moyo kwenye hospitali 6, baadhi wakaombewa na Wakristo wasiowajua, wengine hawakuombewa. Kati ya ambao hawakuambiwa kama wanaombewa au la, walioombewa waliopata matatizo baada ya upasuaji ni asilimia 52, wasioombewa 51, yaani hakuna tofauti, na wale walioambiwa wazi kwamba wanaombewa wakafika 59. Kwa hiyo meseji ya mjomba imeacha nusu ya habari.

Ila usimwambie mama kwamba wepesi wake ni wa kujidanganya, hapana. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walipima watu 23 wenye afya wakisali rozari kwa Kilatini au wakirudia maneno ya yoga, pumzi zikashuka mpaka kama 6 kwa dakika, na mwili ukawa unairekebisha presha vizuri zaidi. Dhikri hawakuipima, lakini mtu anayevuta uradi taratibu na tasbihi yake naye anapumua polepole, na mimi naona utulivu anaousema mama ni wa kweli kabisa. Utulivu huo aendelee nao, ila kazi ya kidonge haufanyi.

Kuhusu adabu, usibishane naye kwa tafiti za Wazungu, na kipimo cha hospitali hakipimi rehema za Mungu. Mtafute ustadhati wake ongea naye pembeni, yeye anajua Mtume katuhimiza kujitibu, na neno lake mama atalisikia kuliko lako. Daktari akisharuhusu, vidonge vitoke kabatini vikae karibu na msala, akimaliza Alfajiri anameza, dua anaendelea nazo kama kawaida. Na Ramadhani ikikaribia mrudishe kwa daktari wapange saa za kumeza, asijipangie mwenyewe.

Akishapimwa niandikie kipimo kimesoma ngapi.